Maswali ya wasomaji: Roma mpaka Matera unafikaje?

Habari zenu wapenzi wasomaji. Mwezi huu maswali ya Dubai na Guangzhou nimeyaweka pembeni kwanza maana barua za Italia zimejaa na karibu zote zinauliza kitu kimoja, Matera, ule mji wa nyumba zilizochongwa kwenye mwamba kule kusini, mkoa wa Basilicata. Picha zake zinazunguka sana kwenye simu siku hizi kwahiyo naelewa. Nimekaa Roma, njia ya kusini naijua, na huo mji naupenda kweli, kwahiyo nitajibu kwa kirefu pale panapohitaji kirefu.

*

Dada, salaam. Mimi ni muuguzi hapa Mwanza, mwezi wa kumi nitakuwa Roma kwenye mkutano alafu nabakiwa na siku tatu za kwangu kabla ya ndege. Nataka Matera. Nimetafuta treni ya moja kwa moja toka Roma siielewi, mara naambiwa Bari, mara Salerno, mara Ferrandina. Na je naweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo ili nisilipe hoteli mbili?
Msomaji, Mwanza

Kaka, nianze na hilo la mwisho. Usiende na kurudi siku moja. Naomba sana. Roma mpaka Bari treni ya haraka inakula masaa manne hivi, hapo Bari unashuka unabadilisha, unasubiri, alafu kuna treni ndogo ya saa moja na nusu au zaidi kidogo mpaka Matera, kwahiyo hata mambo yakienda vizuri ni masaa sita mpaka saba kwenda tu, na kurudi hivyohivyo. Utafika mchana jua kali, watalii wa mabasi wamejaa, utapiga picha mbili pale juu alafu unaanza kukimbilia stesheni. Na Matera uzuri wake ni jioni na asubuhi mapema, wale wa mabasi wakishaondoka, taa za manjano zikiwaka bonde zima. Lala angalau usiku mmoja, ukiweza miwili. Chumba cha hoteli ya Roma kirudishe, begi kubwa liache stesheni ya Termini kuna sehemu ya kuhifadhi mizigo kwa kulipia, beba kibegi cha mgongoni.

Sasa njia. Ile kuchanganyikiwa kwako kuna sababu. Matera kwa miaka na miaka ilikuwa makao makuu ya jimbo yasiyofikiwa na reli ya taifa. Kuna kipande cha reli cha kuiunganisha na Ferrandina kilianza kujengwa miaka ya 1980, wakachimba, wakajenga, kikakaa miongo bila treni hata moja kupita. Treni inayofika pale mjini ni ya kampuni nyingine kabisa, inaitwa Ferrovie Appulo Lucane, watu wanafupisha FAL, na reli yake ni nyembamba, milimita 950, yaani hata ile reli yetu ya zamani ya mita moja inaizidi. Ndio maana treni ya Roma haiwezi kuendelea mpaka Matera, na ndio maana pia ukitafuta safari nzima kwenye programu moja ya tiketi wakati mwingine inakuletea njia za ajabu.

Kwahiyo fanya hivi. Kata tiketi ya Roma Termini kwenda Bari Centrale, kuna treni za Trenitalia na kuna za Italo, linganisha bei, na ukikata wiki kadhaa kabla tofauti ni kubwa mno, tiketi ileile ukiinunua siku ya safari inaweza kuwa mara mbili au zaidi. Njia inapita Caserta, Benevento, Foggia, milima mpaka unaibukia upande wa bahari ya Adriatiki. Kiti chako kina namba na behewa lina namba, kaa hapohapo pako.

Ukishuka Bari Centrale toka nje kwenye uwanja unaoitwa Piazza Aldo Moro. Jengo la FAL liko hapohapo kando ya uwanja, lina mlango wake, usilitafute ndani ya stesheni kubwa. Tiketi ya FAL ni ya kwake peke yake, ni euro chache tu, nunua dirishani au kwenye mashine au kwenye programu yao. Alafu hili zingatia sana, treni nyingine za FAL zikifika Altamura zinagawanyika, mabehewa mengine yanaenda Gravina na mengine Matera, kuna nyingine unashuka unabadilisha. Kabla hujakaa muulize mtu wa reli au hata abiria, sema tu "Matera?" huku unaonyesha behewa, watakuelekeza kwa mikono, watu wa huko ni wakarimu.

Na usikae unasinzia kwenye hiyo treni. Inapanda polepole kwenye uwanda wa Murgia, mizeituni kwanza, baadaye mashamba ya ngano na kuta fupi za mawe yaliyopangwa bila udongo. Ukifika kuna vituo kadhaa vyenye jina la Matera, cha kwako ni Matera Centrale. Kituo chenyewe kilijengwa upya kikafunguliwa 2019, alichora Stefano Boeri, yule wa majengo yenye miti kule Milano. Toka hapo mpaka Piazza Vittorio Veneto unatembea kwa miguu, dakika kumi hivi.

Jumapili na sikukuu treni za FAL huwa hazitembei, wanaweka mabasi. Kwahiyo zile siku tatu zako ziangalie kwenye kalenda kabla hujalipa chochote. Ikikuangukia Jumapili usikate tamaa, basi lipo, ila ratiba ni nyingine na safari za siku ni chache.

Njia ya Salerno na Ferrandina inawezekana, kuna treni chache kwa siku zinazotoka Roma kupitia Salerno na Potenza kwenda Taranto, unashuka Ferrandina alafu basi mpaka Matera. Ukiunganisha vizuri ni sawa, ukikosa lile basi unabaki porini na begi lako. Mgeni wa mara ya kwanza namwambia Bari.

*

Shikamoo dada. Mimi ni mwanafunzi Mkenya, niko Roma mwaka wa pili, pesa ni kidogo sana. Kuna njia ya bei nafuu kuliko treni? Na usiku nisafiri ama mchana?
Mwanafunzi, Roma

Marahaba mdogo wangu. Basi. Mabasi ya kwenda Matera yanatoka Tiburtina, siyo Termini, kuna kituo kikubwa cha mabasi ng'ambo ya stesheni ya treni ya Tiburtina, unafika kwa metro ya laini B. Kampuni ni zaidi ya moja, Flixbus ipo na zipo za kule kusini, safari ni masaa sita mpaka saba kutegemea linasimama wapi, na faida yake ni kwamba hubadilishi, unapanda Roma unashuka Matera. Ukikata mapema bei inakuwa ndogo kweli.

Ya usiku inakuokolea hela ya kulala siku moja, hilo kweli, ila inakufikisha alfajiri kila kitu kimefungwa na chumba hupewi mpaka mchana. Kama ni kiangazi we nenda tu, weka begi ulikofikia ukashuke kwenye mawe kabla jua halijawaka. Kama ni Januari usifanye hivyo, Matera iko juu, karibu mita 400 toka usawa wa bahari, baridi yake inauma na theluji huwa inaanguka. Alafu soma vizuri jina la kituo kwenye tiketi, basi moja linashusha katikati ya mji na lingine linashusha pembeni, muda wa kutafuta njia saa kumi na moja alfajiri siyo mzuri.

Kibali chako cha kukaa Italia kibebe pamoja na pasipoti, usibebe picha kwenye simu peke yake. Hoteli na hata vyumba vya watu binafsi kwa sheria wanaandikisha kila mgeni, kwahiyo utaombwa.

*

Dada yangu, nampeleka mama Italia kwa dada yetu anayekaa Roma. Mama ana miaka 71, goti moja linamsumbua, ila anataka sana kuona huo mji wa mapango. Ataweza kweli? Picha naona ngazi tupu.
Msomaji, Mombasa

Mama mpe shikamoo yangu. Ataweza, ila si kwa namna ile wanavyofanya vijana, na usimdanganye kwamba ngazi ni chache.

Mji uko hivi. Juu kuna sehemu tambarare, wenyeji wanaiita Piano, ndiko kwenye maduka, benki, mitaa ya kawaida na uwanja wa Piazza Vittorio Veneto. Alafu ardhi inakatika inashuka kuelekea korongo, na kwenye huo mteremko ndiko kwenye zile nyumba, pande mbili, Sasso Barisano na Sasso Caveoso, katikati yake kuna kilima cha Civita na kanisa kuu la karne ya 13 kileleni. Ukisema Sassi, ndio hizo pande mbili. Mle ndani hakuna njia iliyonyooka. Paa la nyumba ya chini ndio kibaraza cha nyumba ya juu, ngazi zinazunguka, hazilingani urefu, na mawe yamelika na miguu ya watu mpaka yanang'aa, yakilowa kidogo tu yanateleza. Kwa goti bovu kushuka ni kubaya kuliko kupanda.

Kwahiyo mlale juu, Piano. Najua hoteli za mapangoni ndio kila mtu anazitaka na ni nzuri kweli, ila nyingi mizigo inabebwa kwa mikono na gari haifiki mlangoni, Sassi zote ni eneo ambalo magari ya wageni yamezuiwa na kuna kamera, mtu akiingia na gari ya kukodi faini inamfuata mpaka nyumbani. Ukilala Piano mama anatoka mlangoni anatembea tambarare. Pale Piazza Vittorio Veneto kuna matao matatu, pitieni kwenye hayo matao kuna roshani ya kuangalia bonde, na mama ataona Sasso Barisano yote imefunguka mbele yake na kanisa juu bila kushuka ngazi hata moja. Mpeleke jioni, kaeni pale mpaka taa ziwake. Kuna roshani nyingine Piazza Pascoli, hiyo inaangalia Sasso Caveoso, na ni tambarare njia nzima.

Kushuka chini sasa, mtumie tuktuk. Sikutanii, Matera kuna zile Ape za Piaggio, baba mmoja na zile tuktuk mnazopanda hapo Mombasa, zinabeba watalii kwenye barabara chache zinazopita ndani ya Sassi na dereva anasimama anaeleza. Mkubaliane bei kabla, na mwambie dereva habari ya goti ili asimame sehemu ambazo mama ataingia kanisani au kwenye nyumba bila kupanda sana. Ile nyumba ya makumbusho ya Vico Solitario, karibu na kanisa la San Pietro Caveoso, iko jirani na barabara, hiyo asiikose, hapo chini naieleza.

Kwa safari yenyewe, treni ya Roma mpaka Bari itamfaa mama kuliko basi, anaweza kusimama anyooshe mguu na choo kipo. Stesheni kubwa za Italia zina huduma ya kusaidia abiria wasioweza kutembea vizuri, inaitwa Sala Blu, muiombe mapema kabla ya safari, ni bure. Na mkishuka Bari msiunganishe siku hiyohiyo kama mama kachoka. Laleni Bari, ni mji mzuri, mji wa zamani uko karibu na bahari, kuna kanisa la San Nicola lenye mifupa ya mtakatifu Nikola iliyoletwa na mabaharia mwaka 1087, na kuna wamama wanakaa barazani mitaani wanatengeneza tambi kwa kidole gumba na kisu, mkanda wa unga unakatwa kipande, kinavutwa, kinageuzwa kinakuwa kama sikio, haraka mpaka macho hayafuati. Mama yako atataka kukaa hapo asubuhi nzima.

*

Dada, hivi ni kweli watu walikuwa wanaishi kwenye hayo mapango na punda ndani na serikali ikawafukuza? Mume wangu anasema ni hadithi za kuvutia watalii. Tumebishana.
Msomaji, Arusha

Ni kweli kabisa, na nashukuru umeuliza maana mtu akienda pale bila kulijua hili ataona mawe mazuri tu.

Lile jiwe ni la chokaa, laini, linachongeka. Watu wamekaa hapo tangu kale sana, wakachimba vyumba, makanisa, zizi, na zaidi ya yote mabirika ya kukusanya maji ya mvua, kwa sababu juu hapo maji ya kuchota hakuna, mto uko chini kabisa ya korongo. Kwa karne nyingi ule mpango ulifanya kazi. Baadaye watu wakaongezeka, mashamba yakawa ya wachache, na zile nafasi zilizokuwa mazizi na maghala zikageuka nyumba za watu maskini. Familia ya watu wengi, chumba kimoja kilichoingia ndani ya mwamba, mlango mmoja ndio dirisha.

Ile nyumba ya Vico Solitario imepangwa vilevile ilivyokuwa. Ingia utaona kitanda kimeinuliwa juu sana, godoro la maganda ya mahindi, kimeinuliwa ili kikwepe unyevu na chini yake kuku wanalala. Kuna kabati la droo, droo ikivutwa mtoto mchanga analazwa humo. Nyuma kabisa, hatua chache toka kitandani, ndio pa nyumbu, yule mtoto wa punda na farasi, na pembeni shimo la mbolea. Joto la mnyama ndio lilikuwa moto wao wa usiku. Ukisimama hapo kati ya kitanda na pa mnyama huulizi tena kama ni hadithi.

Watoto walikufa sana, malaria, kuhara, macho. Miaka ya 1935 na 1936 utawala wa Mussolini ulimfungia kijijini kusini huko daktari na mchoraji mmoja wa Torino, Carlo Levi, na kitabu chake cha mwaka 1945 ndicho kilifanya Italia nzima ijue hali ya Matera. Wanasiasa wakaanza kuuita mji aibu ya taifa. Waziri mkuu De Gasperi akaenda mwenyewe 1950, na 1952 ikatoka sheria ya kuwahamisha watu, karibu 15,000, kwenda mitaa mipya iliyojengwa kwa ajili yao, La Martella, Serra Venerdì, Spine Bianche na mingine. Wakapewa nyumba zenye maji na umeme. Wengi walishukuru, na wengi pia walipoteza ujirani, maana kule chini nyumba zilikuwa zinazunguka ua mmoja, mtoto wa mmoja ni wa wote, kisima kimoja. Alafu Sassi zikabaki tupu, milango ikazibwa, mji ndani ya mji ukakaa kama mahame kwa miaka mingi.

Mwaka 1986 sheria nyingine ikaruhusu kuzikarabati na watu kurudi, 1993 UNESCO ikaziweka kwenye urithi wa dunia, na 2019 Matera ikawa mji mkuu wa utamaduni wa Ulaya. Yaani kile kilichoitwa aibu, watu wale wale wakiwa hai, kikaitwa fahari. Wako wazee Matera leo waliozaliwa ndani ya vyumba ambavyo sasa ni hoteli. Ndio maana nikiona watu wanapanda juu ya mapaa kupiga picha roho inaniuma, kuna wengine wanaishi hapo mpaka leo, mlango ukiwa wazi siyo makumbusho, piga hodi au pita.

Mkimaliza hapo shukeni Palombaro Lungo, birika lililo chini ya Piazza Vittorio Veneto palepale mnapopita juu yake. Lilikuwa limesahaulika kabisa mpaka mwaka 1991. Linaingiza maji lita milioni tano, na kuta zake zimesilibwa kwa chokaa iliyochanganywa na vigae vilivyopondwa ili maji yasivuje, alama za kina cha maji zinaonekana mpaka leo. Watu maskini wasio na chochote, ila maji waliyapanga vizuri kuliko miji mingi mikubwa. Mwambie shemeji akaone.

*

Dada safari, mambo ya viza na migomo yananitisha. Nasikia Italia treni zinagoma kila wiki. Na tiketi lazima igongwe?
Msomaji, Dodoma

Viza kwanza, haraka. Ni ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, unaomba ubalozi wa Italia kama Italia ndio unakokaa siku nyingi zaidi. Ada ya mtu mzima ni euro 90, ilipanda toka 80 mwezi wa sita 2024. Bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000 kwa nchi zote za Schengen, uthibitisho wa malazi, wa kipato na wa kurudi. Unaruhusiwa kuomba mpaka miezi sita kabla ya safari, usisubiri wiki ya mwisho maana kawaida ni siku 15 na wanaweza kwenda mpaka 45. Usiku wa Matera nao uuweke kwenye barua ya ratiba yako, malazi ya Roma peke yake huku unasema utazunguka kusini yanazua maswali.

Migomo ipo, siyo kila wiki kwa kila treni, ila ipo, na inatangazwa kabla, wenyewe wanaita sciopero, mara nyingi inaangukia Ijumaa. Treni za mkoa siku za kazi zina masaa ya lazima hata siku ya mgomo, saa kumi na mbili mpaka saa tatu asubuhi na saa kumi na mbili mpaka saa tatu usiku, na kwa treni za masafa marefu kunakuwa na orodha ya zile zitakazotembea. Siku mbili kabla ya safari angalia.

Kugonga tiketi, ni hivi. Treni ya haraka ya Roma kwenda Bari ina siku, saa na kiti, haigongwi. Tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa ndio lazima uigonge kwenye kimashine cha ukutani kabla hujapanda, na ya kwenye simu lazima uifanyie cheki-in. Hiyo inawahusu sana mkitoka uwanja wa ndege wa Fiumicino, treni ya Leonardo Express ya euro 14 inaenda Termini moja kwa moja dakika 32, ile ya euro 8 haiendi Termini, inaenda Tiburtina, kwahiyo kama unaunganisha basi la Matera hapohapo Tiburtina hiyo ya bei ndogo ndio yako.

Na saa zenu ziwekeni sawa. Ratiba zao zinaandikwa kwa masaa 24, 08:05 ni saa mbili na dakika tano asubuhi, 20:05 ni saa mbili na dakika tano usiku, mtu mwenye haraka anaichanganya. Kiangazi wako nyuma yetu saa moja, kipupwe saa mbili.

*

Assalaam alaykum dada. Sisi ni Waislamu, tutakula nini huko? Na mkate wa Matera unaosifiwa una nini?
Msomaji, Unguja

Wa alaykum salaam. Mtakula vizuri, maana chakula cha asili cha Matera ni cha wakulima maskini, nyama ilikuwa ya sikukuu. Ulizeni fave e cicoria, ni maharage ya fava yaliyopondwa laini kabisa na mboga chungu ya majani juu yake na mafuta ya zeituni. Kuna crapiata, mchanganyiko wa kunde, dengu, adesi na ngano uliopikwa chungu kimoja, kwa asili wanaupika tarehe mosi mwezi wa nane majirani wakichanga nafaka zao. Kuna peperoni cruschi, pilipili tamu zinazokaushwa juani alafu zinapitishwa kwenye mafuta ya moto sekunde chache, zinavunjika mdomoni, wanazinyunyiza kwenye tambi. Mtakachokwepa ni soseji ya lucanica, hiyo ni nguruwe, na kwenye mkate bapa na vitafunwa vya chumvi ulizeni kama kuna strutto, ni mafuta ya nguruwe. Ukiuliza "c'è maiale?" watakuelewa mara moja. Divai kwenye mapishi nayo ulizeni.

Mkate wenyewe ni ngano ngumu iliyosagwa, chachu ya asili, maji na chumvi. Umbo lake kama pembe au kilima, ganda nene la kahawia, ndani wa manjano, na unakaa siku nyingi bila kuharibika. Zamani kila familia ilikanda nyumbani ikapeleka kwenye tanuri la pamoja, na kila nyumba ilikuwa na muhuri wake wa mti wenye herufi za mwenye nyumba, wanaugonga kwenye unga kabla haujaingia motoni ili mikate isichanganyike. Mihuri hiyo bado inachongwa, inauzwa Sassi kama kumbukumbu, angalieni iliyochongwa kwa mkono na siyo ya mashine.

Nunueni mkate asubuhi kabla ya saa saba mchana. Baada ya hapo maduka mengi yanafunga mpaka saa kumi na moja jioni hivi, na wageni wengi ndio wanashinda njaa hapo. Kilo nzima ni nyingi kwa watu wawili, mnaweza kuomba wawakatie nusu, wanapima wanafunga kwenye karatasi, na kama mnarudi Roma kesho yake kwa treni utakuwa bado mzuri kabisa.